Kushoto kwa Nani?

Nililetewa chai ya rangi. Mimi huagiza chai ya maziwa, na mama mwenye mgahawa anajua, kwa hiyo nilimtazama nikingoja maelezo. Akafuta kwanza meza ambayo haikuwa chafu, kisha akasema yule mzee wa maziwa amefariki. Alianguka zizini akikamua, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Watu waliokuwa wakisubiri chapati wakasema maskini, mmoja akavua kofia. Mimi nilisema pole, nikaimimina ile chai kwenye sosa, nikainywa. Wasomaji wangu, tumeshazoeana vya kutosha niwaambie ukweli: sikusikitika. Nilikasirika, kama mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi, akafika dirishani, dirisha likafungwa.

Najua marehemu hasemwi. Tumelelewa hivyo wote, na ndiyo maana kwenye misiba yetu mlevi hugeuka mcheshi na mkorofi hugeuka mtu mwenye msimamo. Nimesikiliza wasifu wa watu ninaowafahamu mpaka nikageuka kuangalia jeneza, nihakikishe sijakosea msiba. Huyu sitamtaja jina. Sihitaji. Anayekaa Tunduma na kutembea kwa miguu alimjua kwa sauti, na ambaye hakumjua kwa sauti alimjua kwa bega. Alikuwa akitoka Chapwa kila asubuhi na baiskeli yake, madumu manne ya maziwa, mawili kila upande, akishuka kuelekea mjini kuwapelekea wenye migahawa kabla chai haijachemka.

Kwa asiyefika kwetu, nieleze kidogo njia yenyewe. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka hupanga mstari kando ya barabara kuu, na mstari huo hauna siku ya mapumziko. Kati ya malori na vibaraza vya maduka pamebaki ujia ambao watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Humo ndimo tunamopita sote: wanafunzi, kina mama wenye mabeseni ya nyanya, wabeba mizigo wanaovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mbuzi wa watu, na baiskeli. Sasa weka na madumu manne. Baiskeli ya marehemu ilikuwa pana kuliko mlango wa choo, na ikishashika mteremko, kuisimamisha ilikuwa kazi. Mwenyewe alisema maziwa hayajui breki, na watu walicheka.

Kengele hakuwa nayo. Si kwamba ilivunjika, aliing'oa mwenyewe kwa spana. Siku moja nilimuuliza sababu, tukiwa tumesimama nje ya mgahawa huo huo, akanijibu kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo muda mrefu. "Mwandishi, kengele inasema nini? Inasema ngri ngri. Mtu anashtuka, hajui aende wapi, anaruka ruka tu barabarani. Mimi namwambia kabisa napita wapi." Na kweli alipita akitangaza. Kushoto. Kulia. Kushoto. Maana yake ni kwamba yeye atapita upande wako wa kushoto, wewe baki hapo hapo ulipo. Alikuwa na akili, sitamnyima hilo. Alikuwa amelifikiria jambo ambalo waendesha baiskeli wengi hawajawahi kulifikiria hata dakika moja, kwamba huyu aliye mbele yangu ana mgongo tu, hanioni, na ni wajibu wangu kumjulisha.

Nilivutiwa, na hapa ndipo naanza kuona aibu. Nilimwandika kwenye safu hii. Nikasema laiti kila mwenye baiskeli angekuwa na adabu ya kuzungumza na mtembea kwa miguu, mji wetu ungekuwa na amani. Baadaye kwenye mkutano wa mtaa alisimama akapendekeza iwe kanuni, kwamba kila anayepita na chombo ataje upande, na watu wakapiga makofi. Nilikuwepo. Nilipiga makofi. Katika umati ule wote hakuna aliyenyoosha mkono akauliza swali la mtoto wa darasa la pili: hiyo kushoto ni ya kwako wewe unayepita, au ni ya kwangu mimi ninayepisha?

Mama yangu ametokea Isansa. Yeye na baba walilima mahindi kwa maksai miaka yote ya ndoa yao, baba akishika plau nyuma, mama akitangulia na kamba, akiwaongoza ng'ombe. Wanapofika mwisho wa tuta, baba husema neno moja tu, kushoto au kulia, na mama hugeukia huko pamoja na wanyama. Hageuki nyuma kuuliza. Kwa wakulima wa kwetu neno la upande likisemwa nyuma yako ni amri, na unaitii kwa miguu kabla kichwa hakijaelewa. Baba alipofariki nikamleta mama Chapwa akae nami. Jambo moja lililomfurahisha hapa mjini ni kutembea hadi sokoni kila asubuhi, akazungumze Kinyiha na kina mama wanaouza maharage. Mara nyingi hakununua kitu. Alikwenda kuzungumza.

Asubuhi moja alikuwa kwenye ujia ule, lori upande wa kulia, vibaraza upande wa kushoto. Nyuma yake ikaja sauti: "Kushoto." Mama akaenda kushoto, tena upesi, kama alivyofundishwa na shamba. Na madumu nayo yakaenda kushoto. Alivunjika mfupa wa paja. Muuza nyanya aliyeona alinieleza kwamba maziwa yalitiririka mpaka chini ya lori, madereva wakateremka kusaidia, na kwamba marehemu alipoinuka alisimamisha kwanza dumu lililokuwa likimwagika, ndipo akamtazama mama yangu aliyelala chini. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimemwambia kushoto." Alilisema kwa watu waliokusanyika. Mama alikuwa chini hapo anasikia.

Marehemu alikuja kumwona mama aliporudi kutoka hospitali. Alileta maziwa, akavua viatu mlangoni, akamwamkia vizuri, akakaa. Nilidhani amekuja kuomba samahani, nikawa tayari kumwachia nafasi. Kumbe alikuja kufundisha. Akachora kwa kidole juu ya mto wa kochi, huyu ni wewe mama, huyu ni mimi, hili ni lori.

"Mimi nilisema kushoto," akasema.

"Ndiyo baba, na mimi nikaenda kushoto."

"Hilo ndilo kosa lenyewe, mama. Kushoto ilikuwa njia yangu."

"Kwa hiyo ningekwenda kulia?"

"Kulia kuna lori. Ulitakiwa ubaki hapo hapo."

Mama alifikiri kidogo. Ana tabia ya kufikiri akiwa ameshika kidevu. "Sasa kama nilitakiwa kubaki hapo hapo," akasema, "uliniita ya nini?"

Marehemu alicheka, akasema mama ana maneno, akamaliza chai yake, akaaga. Mwezi mzima akawa analeta maziwa kila asubuhi, anayaacha mlangoni, anapita. Nilitaka kuyamwaga. Mama alikataa, akasema maziwa hayana kosa, akayachemsha akanywa. Lakini maziwa yalipoacha kuja, aliniambia akiwa anachambua maharage, "Ameleta maziwa. Neno hajaleta." Nikaelewa kwamba alikuwa akilingoja. Na aliendelea kulingoja. Hakuweza tena kwenda sokoni kwa miguu, akawa anakaa kibarazani na magongo yake, na kila asubuhi sauti ilipopita huko barabarani, kushoto, kulia, mikono yake ilisimama juu ya ungo mpaka ile sauti iende zake. Mimi nilikuwa namchukia yule mzee kwa sababu ya mikono hiyo zaidi ya kwa sababu ya mfupa. Mfupa ni ajali. Kukaa mwaka na mwaka mwingine unapita mbele ya mtu uliyemvunja, huku unatangaza, hiyo si ajali.

Tuna desturi moja kwetu ambayo hata wenzetu wa ng'ambo, kule Nakonde, wanayo, wao husema odi, sisi twasema hodi. Unafika mlangoni pa mtu, unaita, unangoja. Usipoitikiwa unaita tena. Usipoitikiwa mara ya tatu, unarudi ulikotoka. Hodi haijawahi kumpa mtu ruhusa ya kuingia. Ruhusa iko kwenye karibu, na karibu ni mali ya mwenye nyumba. Anayeita hodi akiwa tayari amekaa kwenye kochi lako amekuvamia, hata kama sauti yake ni nzuri. Sasa kengele ya baiskeli, honi ya bodaboda, au hiyo kushoto ya marehemu, ni nini kama si hodi? Umefika nyuma yangu, unaomba nafasi. Ngoja basi nikupishe. Mwenye macho kati yetu ni wewe, mimi kisogo changu hakioni. Mwenye breki ni wewe. Kama hukuitikiwa, huenda mimi ni kiziwi, huenda ni mgeni nisiyejua Kiswahili, huenda nimebeba beseni siwezi kugeuka, huenda nina mawazo yangu. Shuka. Baiskeli ina miguu miwili ya ziada, ni ya kwako.

Hatufanyi hivyo. Tumejifunza kuita hodi na kuingia kwa pamoja. Bodaboda wetu wanapanda juu ya ujia wa wapita njia kukwepa malori, wanapiga honi mfululizo, na akikugusa kwa kioo anageuka kukutukana: "Mzee, si nimekupigia honi?" Nimekwenda Galula kwa shughuli zangu, nikaona vijia vya mashambani ambavyo zamani mtu alipita na jembe begani akiwaza mambo yake, sasa mama mwenye kuni anaruka kwenye miiba kila baada ya dakika chache kwa sababu kijana wa pikipiki amepiga honi tangu huko juu na anaona ameshamaliza wajibu. Na si barabarani tu. Nenda ofisi yoyote ulalamike, utaonyeshwa tangazo lililobandikwa ukutani nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna anayepita. Nunua kitu kikuharibikie, utaambiwa maelekezo yalikuwepo kwenye boksi. Nilikwambia. Hili ndilo neno linaloongoza nchi sasa. Tahadhari ilikuwa ya kumlinda anayepewa, siku hizi inamlinda anayeitoa. Anakugonga akiwa na ushahidi mfukoni.

Nisieleweke vibaya, maana najua watakaoniandikia. Sisemi watu wapite kimya kimya. Anayepita kimya nyuma ya kikongwe ni mwizi tu. Pigeni kengele, iteni, kohoeni, imbeni kama mnaweza. Ninachosema ni kwamba ukishaita, kazi yako ndiyo kwanza imeanza.

Basi tukaenda msibani. Mimi sikutaka, mama ndiye aliyetaka. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaagiza bajaji, akanieleza kwamba anakwenda na mimi au bila mimi. Tulikalishwa ndani kwa heshima ya magongo yake, sebuleni kwa marehemu, na pale ukutani, kwenye fremu yenye kioo, nikauona ukurasa wa safu hii. Ule wa kumsifu. Ulikuwa umefifia, lakini kichwa cha habari kilisomeka hata kutoka nilipokaa. Mama hajui kusoma. Aliniuliza ile picha ni ya nani, nikamwambia ni gazeti tu.

Jeneza lilipotolewa uani, nasi tukatoka tukakaa karibu nalo, wakasema waliyosema. Kiongozi mmoja wa mtaa akashika kipaza sauti akasema mji umepoteza mtu wa tahadhari, mtu ambaye hajawahi kumpita mwenzake bila kumwambia. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilitazama chini. Kisha kaka mkubwa wa marehemu akasimama, mzee mtaratibu mwenye koti linalombana, akasema kama ilivyo desturi kabla mwili haujatoka nyumbani: "Ndugu zangu, binadamu hana ukamilifu. Kama yupo hapa ambaye mdogo wangu alimkosea, sisi familia tunaomba amsamehe, aende salama." Mnajua inavyokuwa. Watu hunung'unika chini chini kwamba amesamehewa, kwaya inashika wimbo, shughuli inaendelea.

Mama akainuka. Ilimchukua muda kuyapanga magongo, kwa hiyo kila mtu alimwona kabla hajasema kitu, na kwaya iliyokuwa imeshafungua midomo ikafunga. Nilimshika kiwiko, akautoa mkono wangu.

"Mimi," akasema. "Aliniangusha hapo njiani, nikavunjika. Nilikuwa nangoja aniambie samahani."

Yule kaka alimfuata pale alipo, akainama mbele yake, na nakiri aliinama kwa moyo. "Mama yetu, tunajua. Sisi tunakuomba samahani. Utusamehe."

"Nyie hamkuniangusha, baba," mama akasema, bila ukali wowote. "Sina neno na nyie. Nikiwasamehe nyie, nitakuwa nimemsamehe nani?"

Ndipo mjane, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza, akazungumza kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie kuisikia. Alisema, "Mama, tangu siku ile alikuwa anashuka. Akifika pale penye maduka anashuka, anaisukuma mpaka ujia uishe, ndipo anapanda tena na kuanza kuita. Nikamwambia, mzee, nenda ukamwambie yule mama. Akasema atasikia tu kwa watu kwamba nashuka, ataelewa."

Mama alisimama pale akishika kidevu. "Kumbe alijua," akasema. Kisha akamgeukia yule kaka. "Basi aende. Lakini neno langu ameondoka nalo." Akakaa.

Wapo waliosema baadaye kwamba mama yangu aliharibu msiba. Nami nilikuwa tayari kupigana nao, maana hasira yangu ilikuwa imepata kuni mpya. Katika bajaji tukirudi sikunyamaza. Nilisema mtu gani huyu, anaupigia mji mzima kelele kuanzia Chapwa mpaka mpakani, anashindwa kusema neno moja kwa sauti ndogo sebuleni kwa mtu. Anajua amekosa, anajua mpaka anashuka kwenye baiskeli yake, halafu anataka sisi tusikie kwa watu. Nikasema angekuwa hai ningemfuata leo. Nikasema mengi. Mama aliniacha nikamaliza yote.

"Na wewe?" akaniuliza.

Nikamuuliza mimi nini.

"Siku ile hospitali. Ulipofika ulisimama mlangoni, ukaniuliza, mama, hukusikia alivyokuambia? Hukuniuliza kama naumwa. Ukaniuliza hilo."

Sikulikumbuka. Naapa sikulikumbuka, na nimejaribu tangu siku hiyo, nakumbuka kitanda, nakumbuka harufu ya dawa, hilo sikumbuki. Lakini mama hasemi uongo, na najifahamu vizuri, najua nilikuwa na ukurasa wa gazeti wa kuutetea. Nilianza kumweleza. Nilisema, unajua mama, siku ile nilikuwa nimechanganyikiwa, halafu mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba, na hapo nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nami nilikuwa nachora kwenye mto wa kochi, kama marehemu. Nikamwambia dereva asimamishe bajaji kando, nikamgeukia mama, nikamwambia samahani. Akatazama mbele kidogo, kwenye mstari wa malori, akasema, "Hilo pia nilikuwa nalingoja."

Ule ukurasa wa kumsifu naufuta leo kwenye safu hii hii, na aliye nao ukutani auondoe. Mengine niliyojifunza ni machache. Ukimwona mtu mbele yako njiani, mwite, umngoje, na asipoitikia, shuka. Na kama yupo uliyemwangusha, nenda wewe mwenyewe leo, kwa miguu yako, na ukifika usianze na maelezo.